Nyumba ya mama Sahare: benki wanataka bima, bima hawaitaki bahari

MamaSahare

Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo.

Nina nyumba Sahare, hapa hapa Tanga, upande wa baharini. Marehemu mama aliijenga kwa pesa ya samaki wa kukaanga, akaniachia. Vyumba vinne, tofali za saruji, bati la zamani, uani choo na banda la kuku. Mbele zamani palikuwa na minazi, ukiipita unakuta njia ya miguu, halafu mikoko, halafu tope, ndipo bahari. Minazi imeanguka. Mikoko wameimaliza wachoma chokaa na wauza kuni, kila mtu anawajua na hakuna anayewataja. Siku hizi bamvua likikutana na upepo, maji yanafika njiani. Ndani hayajaingia. Kilichoingia ni chumvi: ukuta wa upande ule unamumunyuka kwa chini, plasta ukiikwangua kwa ukucha inadondoka.

Nataka kukopa benki niinue msingi na nibadilishe bati. Vyumba viwili nimepangisha, kodi yake inatosha rejesho. Benki wakasema sawa, leta hati na bima ya nyumba. Hati ninayo. Nikaenda ofisi moja ya bima mjini. Kijana mpole, akaithamini nyumba milioni 48, ada 120,000 kwa mwaka, ukiweka VAT ya asilimia 18 inakuwa 141,600. Nikaona mbona si mbaya, kicheni pati tunachangishwa zaidi ya hapo. Nikamuuliza, je, bahari ikiila? Akanigeuzia kompyuta, akanionyesha mstari: ufukwe kumomonyoka hakumo. Mafuriko? Yanaweza kuwemo, ila mkaguzi aje kwanza, "na kwa eneo lenu, mama, sikuahidi."

Yaani moto, ambao siuogopi, umo. Bahari, ninayoisikia usiku nikiwa kitandani, haimo.

Nikampigia kaka yangu aliyeko Tampa, Florida, nikidhani atanishangaa. Akacheka kicheko cha uchungu. Kampuni iliyokuwa na bima ya nyumba yake haikumwongezea mkataba, amehamia shirika la bima la serikali ya jimbo. Marekani hiyo, kunakokatiwa bima hadi mbwa!

Mwenyekiti wa mtaa naye kaniambia nisijisumbue, tumo ndani ya mita 60 kutoka baharini, kwa hiyo kisheria ni kama hatupo. Lakini kodi ya jengo 1,500 inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, kila mwezi. Hapo tupo.

Sasa nauliza: hiyo 141,600 niitoe, au ni kuitupa? Na huu mzigo wa bahari ni wangu peke yangu?

WakalaMstaafu

Marahaba mwanangu. Nimeuza bima tangu enzi za shirika moja la taifa, kabla kampuni binafsi hazijaruhusiwa, kwa hiyo nivumilie nikiwa mrefu.

Kijana hakukudanganya. Bima ya nyumba kwetu asili yake ni bima ya moto, juu yake ndipo unaongezewa radi, dhoruba, mafuriko, bomba kupasuka, gari kugonga ukuta. Yote hayo huenda yakatokea, huenda yasitokee, na yakitokea yana siku yake na saa yake. Bahari inayokula ufukwe haina siku. Mtathmini atakuuliza hasara imetokea lini, utamjibu nini? Tangu mama yuko hai? Kitu ambacho kila mtu anajua kinakuja hakikatiwi bima, hapa wala London. Na huo ukuta unaomumunyuka kwa chumvi watauita uchakavu.

Kuhusu thamani, usikubali kuishusha ili ada ipungue. Nyumba ambayo kuijenga upya ni milioni 60, ukiiandikisha 30, upepo ukakufanyia hasara ya milioni 10, utalipwa 5, maana ulikatia nusu. Hapo bado hawajaondoa kile kiasi cha mwanzo unachotakiwa kujibebea mwenyewe. Watu wengi huligundua hili siku ya kudai. Kinachothaminiwa ni gharama ya kujenga, kiwanja hakihesabiwi.

Lakini kinachonitia wasiwasi zaidi ni muda. Mkataba wa bima ni wa mwaka mmoja. Mkopo wako ni wa miaka mingapi? Tuseme kumi. Mwaka wa nne kampuni ikisema eneo hili basi, benki inabaki na haki ya kukudai, na wewe unabaki na deni juu ya nyumba isiyo na bima. Hicho ndicho kilichomkuta kaka yako. Hilo shirika la jimbo ni Citizens, liliundwa 2002 kwa ajili ya wasiopata bima kwingine. Kampuni zikikimbia vimbunga, watu wanarundikana humo. 2023 mikataba yake ilizidi milioni 1. Na Citizens ikiishiwa baada ya kimbunga kikubwa, sheria inairuhusu kuwatoza hata wateja wa kampuni nyingine, wenye bima za magari wakiwemo. Mtu anakaa mbali na bahari, ana gari bovu la kuendea kazini, naye anachangia nyumba ya ufukweni ya tajiri. Mwanasiasa akiacha ada ipande anapoteza kura, akiibana kampuni zinafunga virago. Hawajapata dawa.

Na mafuriko kule hayamo kwenye bima ya kawaida ya nyumba. Yana mpango wake wa serikali kuu tangu 1968, ulizama kwenye madeni hadi Bunge lao likafuta dola bilioni 16 mwaka 2017.

Waingereza, kwa maoni yangu, walifikiri vizuri zaidi. Tangu 2016 wana mfuko unaitwa Flood Re, kampuni zote za bima ya nyumba zinauchangia ili nyumba za maeneo ya mafuriko zipate ada nafuu. Ila nyumba iliyojengwa kuanzia 2009 haimo, na mfuko wenyewe utafungwa 2039. Aliyetangulia anabebwa kwa muda. Aliyekuja kujenga huku anajua, ajibebe.

Jibu langu: toa hiyo pesa, kwa ajili ya moto na upepo na kwa ajili ya kupata mkopo. Usihesabu kwamba umejikinga na bahari.

Kisiki_Makorora

Mzee Wakala heshima yako, lakini mimi nasema asitoe hata mia. Desemba 2023 tope lilipoporomoka Hanang, nani pale Katesh alikuwa na bima ya nyumba? Serikali ilikwenda, ikajenga nyumba za walioathirika. Hiyo ndiyo bima ya Mtanzania, haina fomu.

Tatizo la dada yetu ni kwamba anazama polepole. Nyumba moja mwaka huu, choo cha jirani mwaka kesho. Hakuna kamera itakayokuja kupiga picha plasta inayodondoka. Ukitaka pole ya taifa lazima muanguke wengi, siku moja, na ikiwezekana karibu na uchaguzi.

BintiPangani

Kisiki acha hizo, ingawa umesema kweli.

Kwa wanaotaka ukuta: huku Pangani tunao, ulijengwa kwa mradi wa mabadiliko ya tabianchi chini ya Ofisi ya Makamu wa Rais pamoja na UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa. Ule wa Dar, Barabara ya Barack Obama, nao ni wa ofisi hiyo hiyo na UNEP. Nyumba yetu iko nyuma ya ukuta, sitausema vibaya. Lakini ukuta wowote una mahali unapoishia, na hapo unapoishia wimbi huwa linageuka na kuchimba pembeni kwa hasira. Mkiomba wa Sahare, swali la kwanza kwenye kikao liwe unaishia mbele ya nyumba ya nani. Mwenye nyumba hiyo asiwepo kikaoni, mtasikia umepita bila kupingwa.

Na dada, hiyo mikoko. Mikoko yote huku bara ni hifadhi ya misitu ya serikali, anayekata bila kibali anavunja sheria. Mnamjua na hamumtaji, halafu mnauliza mzigo ni wa nani?

Mpimaji_TA

Niongeze la mita 60 kwa sababu wenyeviti wengi wanalitumia kama fimbo. Ni kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa au mto. Nyumba yako ilitangulia sheria hiyo, na hati unayo. Usikubali kuitwa mvamizi kwenye kiwanja chenye hati.

Jambo ambalo halisemwi ni kwamba ukingo wenyewe hautulii. Kwa hesabu za IPCC, jopo la wanasayansi wa tabianchi la Umoja wa Mataifa, usawa wa bahari duniani ulipanda kama sentimita 20 kati ya 1901 na 2018. Kwenye mwamba wa Raskazone huoni kitu. Kwenye tope tambarare kama la Sahare, sentimita chache kwenda juu ni mita nyingi kuja ndani, na mikoko ikikatwa ndiyo kabisa. Kwa hiyo zipo nyumba zilizojengwa nje ya mita 60, leo zimo ndani, na hazijasogea hata tofali moja.

Fidia je? Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka fidia kamili, ya haki na ya haraka pale serikali inapochukua ardhi. Tazama ng'ambo, Chongoleani: bomba la mafuta linatoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443, linaishia pale, na waliopisha walithaminiwa wakalipwa. Bahari ikichukua, hakuna aliyetwaa, kwa hiyo hakuna wa kulipa. Mafuta yanayosaidia kuipandisha hiyo bahari yana fungu la fidia. Bahari yenyewe haina.

Msomali_wa_Duga

Mimi nina wazo. Kama 1,500 inakatwa kwenye LUKU na hakuna anayegoma, kwa nini 300 ya hiyo isiende kwenye mfuko wa pwani? Mtwara mpaka Mkinga. Nyumba ikiliwa, mwenyewe analipwa ahamie juu. Kama huo wa Waingereza.

Kisiki_Makorora

Na mtu wa Singida anayelia na ukame naye awe na mfuko wake? Wa Kagera na tetemeko lake la 2016? Ikifika hapo ile 1,500 imekwisha, tutaambiwa sasa ni 5,000. Ilianza 1,000 mwaka 2021, kumbukeni, 2023 ikapanda.

WakalaMstaafu

Wazo la Duga si baya, nalikosoa mahali pamoja tu: litamlipa mwenye mita ya umeme. Wapangaji wa MamaSahare wananunua LUKU, vitanda vyao vikiondoka na maji watapata nini? Na mwenye nyumba ya udongo asiye na umeme? Bima ikifuata mita, au ikifuata hati kama ilivyo sasa, inawakuta wale wale. Kuna aina ya bima inayolipa kwa kipimo, mvua ikizidi kiwango fulani au upepo ukifika kasi fulani pesa inatoka bila mtathmini kuja kubishana. Nchi za Karibiani wana mfuko wa namna hiyo tangu 2007, serikali ndizo zinazokata, siyo mtu mmoja mmoja. Jiji likikatia pwani yake yote kwa mpango huo, ningeelewa. Lakini hata huo unalipia dhoruba. Kwa ufukwe unaoondoka kidogo kidogo dawa ni kuhamishwa kwa heshima, mapema, kwa pesa, na hilo ni la kumuuliza diwani na mbunge, wakala wa bima halimhusu.

MamaSahare

Asanteni nyote. BintiPangani umenipiga penyewe, na nimekubali. Anayekata ni jamaa wa ukoo, ndiyo maana midomo mizito. Nitaanzia kwa mama yake.

Mzee, nimerudi kwa yule kijana kama ulivyoelekeza. Thamani ya kujenga upya fundi kaniandikia milioni 57, ada imepanda na nimekubali. Nimemwambia aniandikie kwa maandishi kama dhoruba inayosukuma maji ya bahari hadi ndani wanaihesabu dhoruba, mafuriko au mmomonyoko. Akanyamaza. Kasema anauliza makao makuu.

Benki nao nimewauliza swali lako, bima ikikatika mwaka wa nne itakuwaje. Wakasema "hilo tutalitazama likifika." Nimewajibu basi mkopo uwe wa miaka mitatu. Rejesho litanibana, itabidi nipangishe na chumba cha mbele, lakini sitaki deni linalokaa kuliko ufukwe.

Msingi nauinua, ila fundi nimemwambia bati na mbao za paa azifunge za kufunguka. Nina kipande cha ardhi Pongwe, mbali na bahari, hakijapimwa bado.

WakalaMstaafu

Swali lako la dhoruba ndilo lenye pesa. Usilipe mpaka jibu lije limesainiwa, na piga picha za ukuta na sakafu leo, zenye tarehe, umtumie kabla ya mkataba, wasije kusema uliwaficha. Wakikuzungusha baada ya hapo, TIRA, mamlaka inayosimamia bima, wapo, na Msuluhishi wa Migogoro ya Bima yupo.

Mpimaji_TA

Hicho cha Pongwe usikiache bila kupimwa mwaka mzima. Tafuta majirani wenye viwanja hapo mchange, gharama inashuka. Nicheki kwa ujumbe binafsi.

Kisiki_Makorora

Mpimaji kashapata kazi. Mimi ndiye pekee humu sijaambulia kitu.