Mrejesho: shamba langu la Kongwa lililochoka

Wakuu, salaam. Miaka 3 iliyopita niliuliza nifanyeje na ekari 3 zilizobaki makorongo na vumbi, nipate chakula na viumbe wa porini nao warudi. Asanteni wote mlionijibu.

Aliyesema niache miche, nianze na kisiki hai, yaani kulea machipukizi ya visiki vya miti iliyokatwa, Mungu amzidishie. Kumbe visiki vya migunga nilivyokuwa najikwaa navyo vilikuwa hai! Kila kimoja nilibakiza machipukizi 3 yaliyonyooka, mengine nikapogoa, nikafunga kitambaa chekundu ili wachungaji wajue kina mwenyewe. Mengi sasa yamenipita kimo. Miche 40 niliyonunua kwa ubishi wangu imebaki 6, kiangazi na mbuzi vimemaliza.

Makinga maji, ile mitaro ya kuzuia maji yasikimbie shambani, yanashika, isipokuwa moja nililochimba kwa macho bila fremu A, kile kifaa cha miti cha kupimia usawa wa ardhi. Mvua ya Januari ikalipasua, maji yakapita katikati ya mtama. Hata hivyo nimevuna gunia 5.

Kware na kanga wamerudi. Digidigi naye karudi, kanilia mstari mzima wa mbaazi. Nilimtaka mwenyewe, nimshtaki wapi? Mwenye njia ya kumzuia bila mtego aniambie.