MREJESHO: Modemu ya laini ya mezani imetoka, ya 4G inafanya kazi

Swali lilikuwa hili: kisajili data cha CR1000 (kifaa kinachohifadhi vipimo) kwenye kituo cha kupima kina cha mto kilikuwa kinapigiwa kwa laini ya mezani, laini ikafa, je, kitaingia modemu ya 4G bila kubadilisha kisajili? Kinaingia.

Waya ndio uliosumbua. Mlango wa RS-232 (wa waya wa data) wa CR1000 umepangwa kama wa modemu, kwa hiyo ukiunganishwa na modemu ni kama modemu mbili zinatazamana na hazisikilizani. Tumia waya uliopishanishwa: pini 2 kwenda 3, 3 kwenda 2, 5 kwa 5. Kasi iwe sawa pande zote. Hapa ni biti 9600 kwa sekunde.

La pili ni IP, yaani anwani ya modemu kwenye mtandao. Laini ya kawaida ya 4G hupewa anwani ya ndani (10.x, au 100.64 hadi 100.127), huwezi kuipigia kutoka nje. Badala ya kulipia IP ya kudumu, modemu imepangwa iite yenyewe seva (kompyuta ya kupokea data) kwa TCP, njia ya kawaida ya kuunganisha mtandaoni. Kwenye programu ya ofisini ongeza sekunde 4 za kusubiri jibu, la sivyo itakata kabla pakiti (vipande vya data) hazijafika.

Umeme usipuuzwe. Modemu ikila mA 100 mchana na usiku ni Ah 2.4 kwa siku, na betri ya Ah 7 haimalizi siku tatu za mawingu. Ilishwe kupitia SW-12 (tundu la umeme ambalo kisajili hulizima na kuliwasha), kisajili kiiwashe dakika 10 kila saa: Ah 0.4 tu kwa siku.

Antena iwe nje ya boksi la chuma. Ndani, mtandao hauonekani kabisa.