Mtu kafiwa na mama yake, nyinyi mnagombania jina la Mungu!

Wadau, nina hasira na sitaificha.

Juzi rafiki yetu wa miaka mingi kafiwa na mama yake. Kwenye kundi letu la simu nikaandika mistari miwili tu: "Pole sana ndugu yangu. Mola amlaze mama mahali pema." Hazikupita dakika tano, mtu mzima na akili zake akanijibu mbele ya wote: "Mola ndiye nani? Sisi tunamjua Yehova." Mwenzake akadakia kwamba Allah ni mungu mwezi. Wa tatu akaja juu kumtetea Allah kwa matusi. Mpaka jioni watu wanarushiana maneno, na hakuna hata mmoja aliyeuliza maziko ni lini.

Sasa nisikilizeni. Mola ni neno lililotoka Kiarabu, maana yake bwana, mlinzi. Ni cheo, kama Bwana mnayoitaja kila mkisali. Na hilo la Yehova mnalonipigia nalo kifua, mnajua lilivyopatikana? Jina lenyewe kwa Kiebrania ni herufi nne zisizo na irabu, YHWH. Wayahudi waliacha kulitamka kwa heshima, wakifika hapo wanasoma Adonai, yaani Bwana. Waandishi wakatia irabu za Adonai kwenye zile herufi nne ili msomaji akumbuke, na waliokuja baadaye wakazisoma zote kwa pamoja. Lipendeni, ni haki yenu, lakini msimfanye anayesema Mola kuwa kafiri.

Fungueni Marko 15:34. Msalabani Yesu analia "Eloi, Eloi". Hicho ni Kiaramu, Mungu wangu. Muislamu akiomba dua husema "Ilahi", Mungu wangu. Maneno hayo ni ya shina moja! Na Mkristo Mwarabu akisoma Mwanzo 1:1, aliyeumba mbingu na nchi ameandikwa Allah. Wakatoliki wa Malta nao humwita Alla. Hao wote wanaabudu mwezi?

Na wewe wa upande wa pili usichekelee. Malaysia, nchi yenye Waislamu wengi, gazeti la Kikatoliki lilifika mahakamani kudai haki ya kutumia neno Allah. Mwaka 2009 likashinda, 2013 Mahakama ya Rufaa ikalizuia. Neno ambalo Wakristo Waarabu wanaliomba kila siku!

Biblia ya Kikuyu inasema Ngai, jina lile lile walilolitaja wazee wakiuelekea Kirinyaga, yaani Mlima Kenya. Masingasinga wana Waheguru, Waakan wa Ghana wana Nyame. Kila lugha imemwita kwa ulimi wake.

Sisemi dini zote ni moja. Utatu wa Wakristo na Tauhidi ya Waislamu, yaani Mungu mmoja asiye na mshirika, ni mambo mawili tofauti kabisa, na mwenye hoja aje tukeshe. Ila mkabishane juu ya imani, si juu ya neno la pole. Na mfanye hivyo mahali pasipo na msiba.

Mfiwa alijitoa kwenye kundi usiku ule ule, bila neno. Nyie watatu mnajijua. Ujumbe wangu sifuti. Namba yake mnayo, mpigieni leo mumwombe radhi.