Hivi teolojia ya minjung (yaani watu wa kawaida wanaoonewa) ya Korea Kusini ilimsumbua kweli dikteta?

Mdadisi77: Wakuu habari zenu, nasikia Wakorea walikuwa na teolojia yao ya ukombozi, ile ya kusema Mungu yuko upande wa wanyonge, ni ile ya Amerika ya Kusini wakaibadili jina au? Na ilifanya kitu au stori za wachungaji tu

KalamuNyeusi: Sio kopi mkuu. Anzia Novemba 13, 1970, fundi nguo wa miaka 22 Jeon Tae-il alijichoma moto pale soko la Pyeonghwa, Seoul, akidai sheria ya kazi ifuatwe, maana wasichana wadogo walikuwa wanashona kwenye vichumba visivyo na hewa mpaka mapafu yanaharibika. Hapo ndo wasomi kama Ahn Byung-mu na Suh Nam-dong wakashtuka, Ahn akarudi kwenye Injili ya Marko akasema ule umati unaomfuata Yesu kila mahali ndo hawa hawa minjung. 1976 likasomwa tamko la kumpinga dikteta Park Chung-hee kwenye kanisa kuu la Wakatoliki la Myeongdong, Seoul, Ahn na Suh wakaishia jela.

MamaNeema: Ila jamani tusiwape wote sifa, makanisa kibao yalikaa kimya, mengine yalikuwa bize kumwombea rais

Mzee wa Pwani: Na Juni 1987 je? Waandamanaji wamejichimbia Myeongdong, serikali inataka kuingiza polisi, Kadinali Kim Sou-hwan akawaambia mtanikuta mimi kwanza, halafu mapadri, halafu masista, ndo muwafikie wanafunzi. Hawakuingia. Juni 29 utawala ukakubali rais achaguliwe na wananchi moja kwa moja

Mdadisi77: Kadinali si Mkatoliki, na minjung ni ya Waprotestanti?

KalamuNyeusi: Ndio, ila mtaani walikuwa pamoja