Mjomba ana ugonjwa wa Kennedy, majibu yanasema CAG 46. Mimi mpwa wake niko salama?

mpwa_wa_fundi
Wakuu habarini za jioni. Mjomba wangu ni fundi cherehani, ana miaka 54. Kama miaka kumi nyuma vigimbi vilianza kumkaza usiku, ikaja mikono kutetemeka mpaka ikawa kila asubuhi anamwita mtoto amtungie uzi kwenye sindano, sasa hivi ngazi anapanda kwa kujivuta na ukuta. Kilichonishtua zaidi ni kidevu, akikunja mdomo apulize chai kinachezacheza chenyewe kama kuna mdudu anatembea chini ya ngozi. Alafu ameota matiti kidogo, anaona aibu havui shati mbele za watu.
Hospitali ya kwanza wakasema ALS, ule ugonjwa wa neva za misuli unaoua haraka, tukaambiwa tujiandae, nyumbani watu wakalia msiba na mwenyewe yupo hai amekaa pale anatuangalia. Mwaka huu wanawe wakachangishana akaenda India, kipimo cha jeni kikatoka, Kennedy, CAG 46. Wakasema kuna protini inajikunja vibaya. Hiyo 46 ni ya nini? Na protini inaingiaje kwenye miguu? Kaka yake mkubwa alikufa na hali hii hii na kijijini wakasema karogwa. Mimi mama yangu ni dada yao, nina 31, na wiki hizi vigimbi vyangu navyo vinakaza. Silali vizuri jamani.

benchi_la_maabara
Pole sana ndugu. Iko hivi, kwenye kromosomu X kuna jeni inayotengeneza kipokezi cha testosteroni, yaani protini inayoipokea hiyo homoni ndani ya seli. Sehemu moja ya jeni hiyo herufi CAG zinajirudia, sisi sote tunazo, kawaida kati ya 9 na 36. Ugonjwa unaanzia 38 kwenda juu, mjomba wako ana 46. Kila CAG moja inaongeza punje moja ya glutamini, yaani kipande kimoja cha kujengea, kwenye protini, kwahiyo ya kwake ina mkia mrefu kuliko inavyotakiwa. Mwambie kwa lugha ya kazi yake, uzi ukilegea na kuzidi chini ya kitambaa unajisokota fundo na cherehani inagoma, basi mkia ule nao unajisokota, unanasana na wenzake, seli inajitahidi kusafisha inashindwa.
Na hapa watu wengi hawaelewi: protini haijapungua wala haijakosekana, ipo, tatizo imekuwa sumu. Tena haianzi fujo mpaka testosteroni ije iishike, ikishashikwa inaingia kwenye kiini cha seli na humo ndimo inaharibu. Zinazoumia ni nyuroni, yaani seli za neva, zinazoendesha misuli, za uti wa mgongo na shina la ubongo, hizo hazigawanyiki kwahiyo uchafu ukijaa umejaa. Msuli wenyewe pia unaumia, majaribio ya panya ya 2014 yalionyesha hivyo.
Dokta William Kennedy wa Marekani aliueleza 1968, jeni ikajulikana 1991 kwa kazi ya Albert La Spada na Kenneth Fischbeck. Haujatoka kwa mganga wala kwa jirani, huyo kaka mtu msimsingizie mtu kifo chake.

chuma_kila_siku
Kama matiti yanaota si ina maana testosteroni imeisha? Gym kwetu kuna sindano, achome atarudisha misuli.

benchi_la_maabara
Hapana, tafadhali usimshauri hivyo. Kwa wagonjwa hawa testosteroni mara nyingi iko kawaida au hata juu, ila mwili hauisikii vizuri ndio maana matiti yanaota. Nimesema hiyo homoni ndiyo inaiwasha protini mbovu. Wajapani wa Nagoya 2002 waliipunguza kwa panya dume na panya wakapata nafuu kubwa, na 2017 Japani ikaruhusu dawa ya kuishusha, leuprorelini. Haiponyeshi, ila unaona inaelekea wapi.

nesi_mama_Z
Mwanangu, vigimbi kukaza peke yake hakutoshi kusema unao, hata kusimama kutwa kunatosha. Hesabu yako ni hii: bibi yako lazima alibeba jeni hiyo mbovu kwenye X yake moja maana wanawe wawili wameugua. Mama yako ni nusu kwa nusu, akiwa nao na wewe nusu tena, kwahiyo kabla ya kupima una robo. Watoto wa kiume wa mjomba hawakuupata kwake maana amewapa kromosomu Y, ila binti zake wote amewapa X yake kwahiyo wanabeba. Wanawake hatuugui sana, testosteroni yetu ni kidogo, wengine ni kukaza misuli tu.
Kwa sasa mwangalieni kumeza. Akae wima akila, tonge dogo, asiongee chakula kikiwa mdomoni, akikohoa kila akinywa maji mumpeleke akaangaliwe. Huu unakwenda polepole, sio kama ile ALS waliyowatisha nayo, wengi wanafika uzeeni.

mpwa_wa_fundi
Asanteni sana, nimesoma mpaka macho yameniuma. Nimempigia mama sasa hivi nikamuuliza kama misuli huwa inamkaza, akanyamaza kidogo akasema tangu ana miaka arobaini, alidhani ni baridi. Jumatatu naenda kuulizia kipimo. Mjomba nimemsomea ile ya uzi, akaniambia nirudie tena polepole.