Trauti wa maziwa madogo ya Kamloops barafu inapoyeyuka

Swali: Ndugu zangu mlioko Kanada, barafu ikishayeyuka katika maziwa madogo ya Kamloops, mji wa Briteni Kolumbia, trauti (samaki wa maji baridi) hupatikana wapi, na ni chambo bandia kipi kinachofaa?

Jibu la 1: Anza karibu na ukingo, penye kina cha mita 1 hadi 3, hasa upande unaopigwa na jua la mchana, kwa kuwa maji ya hapo hupata joto mapema na wadudu huanza kuamka.

Jibu la 2: Naafiki kabisa, ila upepo ukishayachanganya maji ya juu na ya chini, yote yakiwa karibu nyuzi 4, samaki huzubaa kwa siku kadhaa. Baada ya hapo tumia buu bandia la usubi, jembamba, jeusi, lililozungushiwa uzi mwekundu, nawe ulivute polepole mno juu kidogo ya tope.

Jibu la 3: Kata leseni ya uvuvi kwanza, ndugu, na usiingie mtumbwini bila jaketi la kujiokolea, maana baridi ya maji hayo huua.