Mnaolea peke yenu mliosoma ufundi hapa Tanga, baada ya cheti ilikuwaje? Tupeane uzoefu

Binti Makorora
Habari za jioni wanajamvi. Leo nilikuwa Mgandini kununua zipu, nikakutana na mdogo wangu mmoja wa mtaani, mtoto mgongoni. Akaniuliza, "Dada, nikasome ushonaji au mapishi?" Nikababaika, maana darasani wengi tunamaliza salama. Mtihani unaanza unaporudi nyumbani na cheti, kifaa huna, pa kufanyia kazi huna, na mtoto anataka uji. Mliopita njia hii semeni mlisoma nini na mlianzia wapi. Wanaokuja kuwasema vibaya masingo maza wapite kushoto.

Mama Mapacha wa Duga
Mimi mapishi. Chuoni tulifundishwa kwa oveni ya umeme, nyumbani kwangu umeme wenyewe wa kuazima kwa jirani. Mama mdogo ndiye aliyenikwamua: sufuria kubwa, mchanga chini, sufuria ya keki ndani, funika, kisha makaa mengi juu ya mfuniko na machache chini. Ukizidisha ya chini, keki inaungua kitako na katikati bado uji. Chuo kilinipa vipimo na usafi, moto nikafundishwa uani. Nilianza na keki ndogo za kuuzia watoto wa shule, sasa napata oda za maulidi na za harusi. Mwambie asisubiri oveni.

Kijana wa Pongwe
Mchanga na makaa, naunga mkono. Bi mkubwa ametusomesha kwa njia hiyohiyo.

Sindano na Uzi
Mada hii imenitonesha kidonda. Mtaani kwetu ulikuja mradi, jina siutaji. Waliandikisha kina mama tunaolea peke yetu, wakatuahidi mafunzo ya ushonaji na kwamba kila mmoja ataondoka na cherehani chake. Mwanangu alikuwa bado ananyonya. Mwalimu, Mungu amjalie, alituruhusu tuje nao. Wangu nilimlaza kwenye boksi chini ya meza ya kukatia, juu ya mabaki ya vitambaa. Mguu mmoja unakanyaga cherehani, wa pili unatikisa boksi akianza kulia. Hivyo hivyo nikajua sketi ya marinda, shati la shule, mpaka kola ikakubali kulala.

Siku ya mahafali wageni wakaja na magari. Vyerehani vimepangwa uwanjani, vipya, vimefungwa riboni, kila mmoja wetu kasimama nyuma ya chake. Tukaimba, tukapigwa picha. Mama yangu alivaa kanga mpya, akapiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Wageni walipoondoka ikaingia kirikuu, vijana wakaanza kupakia vyerehani. Tukauliza, tukajibiwa vinarudi ofisini kukamilisha taratibu, mtapigiwa simu. Mwenzetu mmoja alikikumbatia chake, wakambandua vidole kimoja kimoja. Mama akaniuliza, "Mwanangu, mbona wanachukua?" Nilikosa la kumwambia.

Simu haikupigwa hadi leo. Na kilichoniumiza zaidi ni mtaa. Wote waliona zile picha, kwa hiyo wanajua nina cherehani. Wananiletea vitambaa vya kushona, nikisema sina, wananiona nina maringo. Kuna jirani mpaka leo hanisalimii.

Kijana wa Pongwe
Duh. Pole sana dada.

Mama Nasri
Nimelia. Hao watu wana watoto kweli?

Mtu wa Kange
Mlisaini mkataba wa kukabidhiwa? Bila karatasi hamna kesi.

Sindano na Uzi
Tulisaini daftari la mahudhurio tu, ndugu yangu. Nani angejua?

Mtu wa Kange
Ndiyo maana nauliza. Watu wanapenda vya bure bila kusoma.

Mama Nasri
Wewe wa Kange, ana mtoto wa kunyonya, ameahidiwa mbele ya wazee wa mtaa, unamdai mkataba? Dai mkataba kwa waliopakia kirikuu!

Mtu wa Kange
Sijamtukana mtu. Nasema nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, majina yenu wote na hizo picha. Picha ni ushahidi.

Baba Watatu
Mbona hakuna anayewataja wanaume waliowaachia hao watoto? Sheria ya Mtoto ya 2009 ipo, matunzo yanadaiwa. Aanzie ustawi wa jamii.

Mama Nasri
Nilikwenda. Baba mtoto akaja akasema hana kazi, na bodaboda yake kaipaki nje.

Fundi wa Kike
Turudi kwenye mada. Mimi ni umeme wa majumbani. Hakuna mtu anayewaambia mabinti kwamba ukimaliza kufunga nyaya, fomu ya kuombea umeme TANESCO lazima igongwe muhuri wa mkandarasi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji. Kwa hiyo ukitoka chuo jishikize kwanza kwa mwenye leseni, huku ukitafuta yako. Wateja nao, wakiniona na ngazi kwenye baiskeli wanauliza fundi yuko wapi. Lakini kina mama wanaobaki nyumbani peke yao mchana wananiita mimi, na wanaitana.

Mama Mapacha wa Duga
Kweli hapo. Mimi mwenyewe ningemwita fundi mwanamke.

Jirani wa Mabawa
Achukue mkopo anunue cherehani, yaishe. Simu moja tu, hela jioni.

Mama Nasri
Mikopo ya kausha damu hiyo? Watakuja kubeba cherehani, kitanda na sufuria. Bora mchezo wa kina mama, kuchangishana na kupokezana kwa zamu.

Mtu wa Kange
Au ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri. Ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024. Asilimia 4 ni ya wanawake na haina riba. Lakini ni kikundi kilichosajiliwa, si mtu mmoja mmoja.

Jirani wa Mabawa
Kikundi ni ugomvi. Mwenyekiti anakula, wengine mnalipa.

Bibi wa Muheza
Wajukuu zangu, mnasahau vyuo vya maendeleo ya wananchi. Vilianza 1975 na vipo vyenye chekechea, mama yuko darasani na mtoto yupo hapohapo. Huyo mdogo wake Binti Makorora aulize kwanza nani atashika mtoto kuanzia asubuhi mpaka alasiri. Wengi huachia katikati kwa hilo.

Binti Makorora
Shikamoo bibi. Hilo ndilo nitakalomwambia kesho.

Mama Mapacha wa Duga
Sindano, kuna cherehani cha marehemu shangazi kimekaa chini ya kitanda. Mkanda umekatika na kinaruka mshono. Njoo ukichukue. Utanilipa kwa sare za mapacha Januari.

Sindano na Uzi
Dada, unasema kweli? Mkanda naweza kuubadilisha mwenyewe. Nakuandikia pembeni.

Fundi wa Chuda
Kikiruka mshono msikimbilie kukifungua. Badilisheni sindano kwanza, na muangalie isiwe imechomekwa kinyume. Ikigoma bado, kileteni, hela ya kuangalia sitaki.